Nishati ya jikoni mpakani: shajara ya mradi wa Horohoro na Lunga Lunga, 2025

Januari

Vikundi vinne vya akina mama vimekubali. Viwili viko upande wetu wa Mkinga, Tanzania, viwili upande wa Kwale, Kenya, na kazi tuliyojipa mwaka huu ni kupima, kuandika na kununua kwa pamoja nishati ya kupikia. Kuwakutanisha hakukuwa na ugumu wowote. Wadigo wamo pande zote mbili, harusi ya Duga Maforoni hujaa watu wa Lunga Lunga, na mzazi wa Vanga huletewa uji na shangazi yake kutoka Jasini. Soko la mkaa na gesi ndilo lililokatwa vipande viwili, na hapo ndipo tunapotaka kutia mkono.

Katika kila nyumba tuliuliza kwanza: ni chakula gani mmeacha kupika kwa sababu ya moto? Majibu yalifanana hadi yakatutia simanzi. Maharage. Kunde kavu. Makande. Wengine wameacha hata kuchemsha maji ya kunywa. Mama mmoja wa Horohoro alinionyesha ndoo yake ya maharage akasema, "Haya ninayo tangu mwezi jana, mwanangu. Mkaa wa kuyaivisha ndio sina." Nyumba hiyo haina njaa kwa hesabu za kawaida. Chakula kipo, ila watoto wanakula ugali na mchicha kila siku kwa kuwa mchicha huiva haraka.

Wakati tunaanza, tarehe 27 na 28, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa nishati wa wakuu wa nchi za Afrika, ule wa Misheni 300, unaolenga kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Desemba iliyopita njia ya umeme ya kilovolti 400 kati ya Kenya na Tanzania iliwashwa, kutoka Isinya hadi Singida. Upande wa kaskazini Kenya imeshaungana na Ethiopia tangu 2022 kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,000 inayoishia Suswa. Magharibi, maporomoko ya Rusumo yanatoa megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa sawa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Haya ni mambo makubwa na nayafurahia kwa dhati, kwa sababu yanaonyesha kwamba nchi jirani zikitaka kushirikiana zinaweza. Lakini nyumba zilizo karibu na nguzo bado zinapikia mkaa wa kopo. Ushirikiano umefika kwenye minara, jikoni bado. Shajara hii itafuata hicho kipande kilichobaki.

Februari

Mwezi wa mizani. Tulinunua mizani ya kuning'iniza, ya kidijitali, moja kila upande, tukazijaribu zote mbili kwa jiwe moja kuhakikisha zinasema kitu kimoja. Kisha tukaanza kununua mkaa kama wanavyonunua watu: kopo, sado na ndoo upande wa Tanzania, kasuku na debe upande wa Kenya, na gunia pande zote.

Hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivyo chenye uzito unaojulikana. Kopo la muuzaji huyu lina kitako kilichobonyezwa ndani, la yule limejaa vipande virefu vilivyosimama na kuacha uwazi katikati. Gunia nalo linaweza kuwa la kawaida au lumbesa, yaani lililojazwa kupita mdomo wake. Mti wa mkaa wenyewe unabadilisha uzito: mkaa wa mkwaju ni mzito na unakaa, mkaa wa mwembe ni mwepesi na unakwisha kabla wali haujakauka. Ukishaweka kila kitu kwenye kilo, jambo moja linajitokeza bila kubishiwa, iwe Horohoro au Lunga Lunga: anayenunua kidogo kidogo analipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia. Muuzaji anaweka faida yake kila anapomimina, na chenga zinazobaki chini ya gunia zinaishia kwenye makopo ya mwisho ya siku, ambayo hununuliwa na wenye pesa kidogo zaidi wanaokuja jioni baada ya kibarua.

Niliwauliza akina mama kwa nini wasichangie gunia. Jibu nililitegemea kwa nusu tu. Nusu niliyoitegemea ni kwamba pesa inaingia kwa siku: maandazi, samaki, kibarua cha shamba. Nusu nyingine ni paa. Nyumba inavuja, gunia likilowa ni hasara, na mtu hawezi kuweka pesa ya wiki mbili kwenye kitu ambacho mvua ya usiku mmoja inaweza kukiharibu.

Kuna jambo la kisera ambalo lazima liandikwe hapa, maana ndilo lililotufanya tuvuke mpaka badala ya kufanya mradi wa upande mmoja. Februari 2018 Kenya ilisimamisha uvunaji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na zuio hilo likakaa hadi Julai 2023. Mei 2023 Uganda ikapiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika mikoa yake ya kaskazini. Tanzania kwa upande wake hairuhusu mkaa kuuzwa nje, na hata ndani unahitaji kibali na hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu. Kila uamuzi una sababu yake njema. Msitu unakwisha kweli: tanuri la udongo la kienyeji linatoa takriban kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni, zilizobaki zote zimekwenda na moshi. Tatizo ni kwamba nchi moja ikifunga peke yake bila kuwapa watu wake moto mwingine, mahitaji hayafi. Yanamsukuma mchomaji wa ng'ambo, mkaa unapita usiku kwa njia za panya, na gharama za njia hiyo zinaingia kwenye kopo la mama wa pande zote mbili. Azimio la Zanzibar la 2015, ambalo Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagaska zilikubaliana kupambana pamoja na biashara haramu ya mazao ya misitu, lilikuwa mwanzo mzuri. Ningependa liwe na mwenzake wa jikoni: tunapozuia mkaa pamoja, tuwekeze pamoja kwenye kinachochukua nafasi yake.

Machi

Ramadhani imechukua mwezi wote na tumeiacha ituongoze. Hakuna wakati mzuri kama huu wa kuona jiko la Pwani linavyofanya kazi: uji, mbaazi za nazi, muhogo, viazi vitamu, tambi, mkate wa kumimina, vyote vinatakiwa viwe tayari kabla ya adhana ya Magharibi. Nyumba yenye jiko moja la mkaa inaanza kupika alasiri. Yenye gesi na mkaa inaanza saa kumi na moja na inamaliza kwa wakati.

Hapo tukabadilisha namna ya kuandika. Fomu yetu ya mwanzo iliuliza "nishati kuu ya nyumba hii ni ipi?" kama dodoso nyingi zinavyouliza, na Ramadhani ikatuonyesha kwamba hakuna nyumba yenye jibu moja. Gesi inachemsha chai na kukaanga. Mkaa unaivisha mbaazi. Kuni za vifuu zinaoka mkate nje. Sasa tunaandika kwa sufuria: kila chungu kinachotelekwa, moto gani, muda gani. Daftari limekuwa refu lakini linasema kweli. Nyumba inayoitwa "ya gesi" kwenye takwimu inaweza kuwa inapikia mkaa nusu ya sufuria zake, na huyo mama bado anavuta moshi.

Moshi huo una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2 mwaka 2020 duniani kote. Mkaa unaonekana msafi kwa sababu hautoi moshi mwingi kama kuni, lakini unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo inaua mtu amelala. Msimu wa baridi na mvua ndio watu huingiza jiko ndani. Tumelisema hili katika kila kikao na tutalirudia.

Aprili

Masika imefika kwa nguvu. Barabara ya kwenda Vanga imekuwa tope, mkaa umelowa, bei imepanda pande zote mbili. Ndio wakati tuliopanga kujaribu majiko ya presha ya umeme, tukaweka moja katika kila kikundi, yanazunguka nyumba hadi nyumba.

Matokeo ya maharage yalinyamazisha ubishi wote. Jiko la wati 1,000 linaivisha sufuria ya maharage makavu kwa muda wa saa moja hivi, na kwa kuwa linajizima likishafikia presha, halili umeme muda wote huo. Mita inasoma karibu nusu uniti. Makande, yaani pure ya ndugu zetu wa Kwale, yalichukua zaidi kidogo. Yule mama wa ndoo ya maharage amepika maharage, na mwanawe mdogo ameomba tena kesho yake. Niliandika hilo kwenye daftari pembeni ya namba za mita kwa sababu naona lina uzito sawa nazo.

Sasa bei, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoona wazi zaidi kwamba maskini anaweza kuadhibiwa kwa kufanya kile anachohimizwa kufanya. Tanzania mteja mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada inakuwa 350. Matumizi yake yakizidi mara kwa mara anahamishiwa kundi la juu, ambako uniti ni 292 tangu ya kwanza. Kenya bei ya chini ya nyumbani, tangu mabadiliko ya 2023, inaishia kwenye uniti 30, kisha inapanda hadi uniti 100, kisha inapanda tena. Chukua nyumba ya watu sita. Taa, simu, redio na televisheni ndogo zinaiweka chini ya 75 bila wasiwasi. Ongeza kupika kwa umeme chakula kikubwa cha siku, uniti moja hadi mbili, na mwisho wa mwezi nyumba hiyo ya Horohoro iko ukingoni. Ndugu yake wa Lunga Lunga alishauvuka ukingo wake zamani. Serikali zote mbili zinasema pika kwa umeme, na ngazi za bei za pande zote mbili zilipangwa kwa nyumba ambayo umeme wake ni wa taa.

Tumeanza kuandika ombi: uniti za kupikia ziongezwe juu ya zile za bei ya chini kwa wateja wadogo, na nchi mbili zikubaliane kiwango kimoja. Sisemi bei iwe sawa, mifumo yao ya uzalishaji si sawa. Nasema idadi ya uniti ambazo familia inahitaji kuivisha chakula haibadiliki ukivuka geti la Horohoro.

Fundi umeme wetu amekagua nyaya za nyumba zote kabla jiko halijaingia. Nyingi zilikuwa na waya mwembamba wa kuunganishia, wa kuchajia simu, na huo ukibebeshwa wati 1,000 unayeyuka. Gharama ya soketi nzuri na waya wake tumeiingiza kwenye bei ya jiko. Mradi wowote unaogawa majiko ya umeme bila fungu la soketi unaacha hatari nyuma yake.

Mei

Gesi. Mwaka mmoja umepita tangu Rais Samia azindue Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034, na siku chache baadaye akawa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris ulioahidi dola bilioni 2.2 kwa ajili ya upishi safi Afrika. Kenya imejiwekea lengo lake la 2028. Mitungi ya kilo 6 imegawiwa kwa ruzuku ya nusu bei kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na imefika hata kwetu. Tumeikuta majumbani. Mingi ilikuwa tupu, imefunikwa kitambaa, juu yake kumewekwa bakuli.

Mtungi wa kwanza ulikuja na ruzuku. Kuujaza tena kunataka pesa taslimu kwa mkupuo, na mkupuo ndio usiokuwepo. Ni hesabu ileile ya kopo na gunia. Kilo moja ya gesi kwenye jiko zuri inafanya kazi ya kilo tatu hivi za mkaa, wakati mwingine zaidi kama jiko la mkaa ni la bati tupu. Ukilinganisha na bei ya mkaa wa kopo, gesi mara nyingi haimshindi mama huyu kwa gharama ya mwezi. Inamshinda kwa gharama ya siku ya kujaza.

Kwa hiyo vikundi vimefungua mfuko wa mtungi. Kila jioni mwanachama anatuma kwa simu kile ambacho angenunulia mkaa wa kesho, siku anazoweza. Mtungi ukiisha, mhazini anaulipia palepale na mwanachama anaendelea kuchangia. Kikoba kinajua kazi hii kwa miaka, tumeipa lengo tu. Wakala wa upande wa Lunga Lunga amekubali kupunguza bei kidogo iwapo mitungi ya kikundi italetwa siku moja, na wa Horohoro amefuata baada ya kusikia. Jambo hilo la kusikia ni faida ya kuwa na vikundi pande mbili ambayo sikuwa nimeiweka kwenye andiko la mradi.

Kuvusha mitungi yenyewe tumeamua tusifanye. Tanzania mtungi wa nyumba kubwa ni kilo 15, Kenya ni kilo 13. Chapa hazilingani, na wakala hapokei mtungi mtupu asioutambua. Kuna historia pia. Mwaka 2017 Kenya ilizuia gesi iliyokuwa ikiingia kwa barabara kutoka Tanzania, pamoja na unga wa ngano, Tanzania nayo ikabana maziwa na sigara za Kenya. Serikali mbili zikayamaliza Julai mwaka huohuo. Nilizungumza na mzee aliyekuwa akiuza gesi enzi hizo. Anasema wateja wake walirudi kwenye mkaa wiki ileile, na wengi hawakurejea hata vizuizi vilipoondolewa. Ndivyo ilivyo kwa nyumba yenye kipato kidogo: uamuzi wa miezi mitatu unaiondoa kwenye gesi kwa miaka. Kodi inafanya vivyo hivyo. Kenya iliweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia Julai 2021, ikaipunguza hadi 8 mwaka uliofuata, ikaiondoa 2023. Mama wa Vanga alinihesabia vipindi hivyo vitatu kwa kutaja alichokuwa akipikia kila wakati.

Mafunzo ya usalama yamefanyika pande zote. Mtungi usimame wima, nje ya chumba cha kulala. Mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni, kwa hiyo dirisha pekee halitoshi, fungua mlango. Ukisikia harufu usiwashe wala usizime taa.

Juni

Majiko ya mkaa yenyewe. Wapo walioniuliza kwa nini tunahangaika na jiko la mkaa wakati tunataka watu waache mkaa. Jibu langu ni daftari la sufuria. Mkaa utakuwepo kwenye nyumba hizi kwa muda, na kila kilo isiyochomwa ni pesa mkononi na mti porini.

Jiko lenye kikombe cha udongo ndani ya bati lina historia ya ushirikiano inayostahili kukumbukwa. Wazo lilitoka Thailand, likafanyiwa kazi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mafundi wa bati, wakiwemo wa Shauri Moyo, Nairobi, kisha likasambaa Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko, kila mahali likipata umbo lake. Hakuna aliyelifungia. Fundi alimfundisha fundi. Miaka ya karibuni mambo yamepita upande wa pili pia: mita ya gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu iliyobuniwa na KopaGas ya Dar es Salaam ilinunuliwa 2020 na leo inawasha majiko Nairobi.

Wafinyanzi wawili wa Kwale wamekuja kukaa na mafundi bati wa Mkinga. Vikombe vya kwanza vilipata ufa kwenye tanuri, wakaongeza mchanga, wakaacha vikauke kivulini kwa muda mrefu zaidi, na vilivyofuata vimeshika. Kati ya kikombe na bati wanajaza mchanganyiko wa saruji na majivu. Jaribio letu ni la kawaida: sufuria ileile, maji kiasi kilekile, pima mkaa kabla na baada. Majiko mapya yanakula mkaa mdogo kwa tofauti inayoonekana kwa macho kwenye karai, bila hata mizani. Wanawake walioyatumia wamesema jambo ambalo vipimo vyetu havikuwa na nafasi yake: nje hayaunguzi, mtoto akiyagusa.

Julai na Agosti

Miezi ya makaratasi. Tulitaka vikombe vya Kwale vivuke kuja kuvishwa bati Mkinga, na majiko yaliyokamilika yarudi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, uliotengenezwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, unavuka kwa hati rahisi ya uasili bila ushuru wa forodha. Utaratibu ni mzuri. Wanaoutumia kati ya wanachama wetu walikuwa wachache mno, wengine walikuwa wakivusha vitu vyao halali kwa njia ya panya kwa kudhani geti ni la matajiri. Tumewapeleka kwa makundi kwenye dawati la taarifa za biashara, wamejaza fomu wenyewe. Mama aliyeogopa sare maisha yake yote ametoka na karatasi yake yenye mhuri akaikunja ndani ya kanga kama cheti cha ndoa.

Viwango bado. Sheria ya Jumuiya ya viwango, ubora na vipimo ya 2006 inataka alama ya ubora iliyotolewa na nchi mwanachama itambuliwe na wenzake. Kwa jiko la fundi mdogo, tatizo linaanza kabla ya hapo: kupata hiyo alama ya kwanza. Tunaomba TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, zifanye kipimo kimoja cha pamoja kwa mafundi wa mpakani, kwa ada ambayo kikundi kinaweza kuilipa, na cheti kimoja kitoshe pande zote.

Kisha mwishoni mwa Julai ikaja amri ya Tanzania kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, ikiwemo biashara ya rejareja. Naelewa kilichoisukuma. Vijana wa mijini walikuwa wakilalamika kwa haki kuhusu wageni kuingia hadi kwenye vibanda. Lakini wafinyanzi wetu wa Kwale walipata hofu, mmoja akafunga virago siku hiyohiyo, na hakuna aliyeweza kutuambia kwa hakika kama kumfundisha fundi na kumuuzia vikombe kunaingia humo. Tumebadilisha mpangilio: vikombe vinanunuliwa na kikundi cha Mkinga Lunga Lunga kwenyewe na kuvushwa na Watanzania. Kazi inaendelea, ila yale mafunzo ya bega kwa bega yamekatika, na nasikitika. Mgeni mwenye mtaji anayeteka soko na mfinyanzi wa kilomita chache ng'ambo si watu wa aina moja. Sheria inayowaweka kapu moja inahitaji dirisha kwa watu wa mpakani.

Septemba

Hali ilivyo. Mfuko wa mtungi umeshika katika vikundi vitatu. Katika cha nne, ambacho wengi wa wanachama wake ni wake wa wavuvi, umesuasua wakati wa kusi kwa sababu bahari ilipochafuka hakukuwa na cha kutuma. Tutawapangia michango ifuate msimu wa bahari: zaidi kaskazi, kidogo au hakuna kusi. Majiko ya presha yanagombewa. Mtu akishapika maharage mara mbili anauliza bei, na kikoba kimeanza kukopesha kwa ajili hiyo. Mkaa wa gunia tumeununua kwa pamoja kila upande kivyake, kwa wauzaji wenye vibali, ukahifadhiwa kwenye banda lililoezekwa vizuri na kugawiwa kwa kilo kwa bei ya gunia. Ndilo jambo rahisi kuliko yote tuliyofanya na ndilo lililopunguza gharama haraka zaidi. Sado na kasuku zimetundikwa ukutani bandani, mizani ndiyo inayouza.

Barua imekamilika. Inakwenda kwa mkuu wa wilaya ya Mkinga na kwa serikali ya kaunti ya Kwale, nakala kwa sekretarieti ya Jumuiya, Arusha. Inaomba uniti za kupikia kwa bei ya chini pande zote mbili, kipimo kimoja cha majiko, ahadi kwamba gesi na majiko ya kupikia hayatatumika tena kama silaha nchi zinapogombana kibiashara, na ruhusa ya mafundi wa mpakani kufundishana. Jambo la tano lilijadiliwa sana: petroli na dizeli Tanzania huagizwa kwa mfumo wa pamoja ili meli moja kubwa ipunguze gharama kwa kila lita. Akina mama wameuliza kwa nini gesi ya kupikia ya majirani wawili wenye bandari za Tanga na Mombasa isiagizwe hivyo hivyo. Nimeliandika kwa maneno yao, bila kulipamba.

Kabla ya vuli tunatakiwa kumaliza banda la Vanga na kupata mizani ya tatu. Waliopo Holili na Taveta, Namanga, Mutukula na Busia, kama mmepima mkaa wenu, tuleteeni bei kwa kilo, si kwa kopo, tuziweke kwenye kiambatisho cha barua kabla haijafika Arusha.